Maji ya Kwetu na Maji ya Kwenu

Bwaise, Kampala
14 Aprili

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila godoro bado liko juani. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya meza, maana sakafuni maji yalifika kifundoni. Halafu wewe unaniambia huko kwenu Mbale ndiko mafuriko yana shida zaidi! Tangu tukiwa watoto wa kambi kule Jinja hukubali kushindwa.

Lakini safari hii nakupa ushindi, nusu. Maji ya Bwaise ni mgeni mzoefu, tunajua ataingia mlango gani. Wingu likijikusanya tu, jirani anapandisha unga juu ya kabati, nami napandisha cherehani. Kizingiti nimekiinua kwa matofali mara tatu, na choo chetu kina ngazi kama mimbari. Kinachoniudhi si mvua. Wapo wanaoingojea ili wafungulie vyoo vyao mtaroni, na sisi wa chini tunapokea. Hapa palikuwa na mafunjo. Tukamwaga kifusi, tukajenga, na mtaro wa kwenda bwawa la matope la Lubigi tukaujaza kaveera, mifuko ya plastiki, na chupa. Hata taka zinazozolewa hazina pa kutulia: si uliona jalala la Kampala kule Kiteezi, Agosti 2024, mlima wa taka ulivyoporomoka ukaua watu zaidi ya 30?

Ya kwenu hayapigi hodi. Usiku ule wa kuamkia 31 Julai 2022 watu walilala, mvua ikapiga juu mlimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo, asubuhi wenzao wakawatafuta matopeni. Hapo kizingiti cha matofali kingesaidia nini?

Abdu wa Arua yeye bado anasimulia umeme, enzi za bwawa dogo la umeme la Nyagak na jenereta, wakati gridi ya taifa haijawafikia. Na vumbi. Mwache, giza halibebi godoro.

Sasa hicho chumba ulichopata karibu na Nabuyonga, kodi nafuu. Mwenye nyumba atakuambia hapafiki maji. Wa kwangu aliniambia hivyo hivyo. Kabla hujalipa, muulize mama anayeuza chapati hapo njiani, akuonyeshe kwa kidole yalifika wapi ukutani mwaka ule. Yakiwa juu ya kitanda, rudisha ufunguo.

Nisalimie mama watoto.

Wako,
Rehema