Halmashauri moja kwa Moshi, ila vijiji vibaki vijiji

Ndugu Mhariri,

Manispaa ya Moshi imekuwa ikiomba kwa miaka mingi kupandishwa hadhi kuwa jiji, na kila ombi hilo linapoibuka huambatana na hoja ya kupanua mipaka kwa kumega kata za Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Naomba nafasi nieleze kwa nini naunga mkono halmashauri hizi mbili ziwe moja, na kwa nini napinga kumega kata kidogo kidogo.

Wilaya ya Moshi ina Mkuu wa Wilaya mmoja na halmashauri mbili. Katika Sensa ya 2022 manispaa ilihesabiwa watu 221,733, na halmashauri ya wilaya inayoizunguka watu 535,803. Kila moja ina mkurugenzi wake, baraza lake la madiwani na bajeti yake. Mwananchi anayeteremka alfajiri kutoka Uru au Kibosho kuuza ndizi mjini haoni mpaka huo, na kwa Mto Rau hauna maana kabisa. Mto huo unatoka upande wa Uru, unapita ndani ya manispaa, kisha unarudi tena katika eneo la halmashauri ya wilaya huko Mabogini, ambako maji yake yanategemewa na wakulima wa mpunga wa skimu ya Lower Moshi. Vibali vya kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, lakini taka zinazotupwa mtoni na ujenzi unaosogelea kingo ni kazi ya halmashauri, na hapa kila halmashauri inaishia katikati ya mto. Baraza moja lingeweza kuandika sheria ndogo moja kuanzia juu hadi chini. Vilevile, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ingetoka katika mfuko mmoja, na kikundi cha akina mama wa Kirua kingenufaika na ushuru wa masoko ya mjini ambako bidhaa zao ndizo zinazouzwa.

Mjadala wa namna hii hauko kwetu tu. Sehemu nyingi za England bado zina halmashauri za ngazi mbili, kiasi kwamba taka hukusanywa na halmashauri ya chini na kuteketezwa na ile ya juu, na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuziunganisha ziwe mamlaka za ngazi moja zenye watu wapatao 500,000 au zaidi. Moshi tukiunganishwa tutakuwa watu 757,536, yaani tutaanza tukiwa tumekwisha kupita kipimo chao. Hata hivyo wenzetu wana mabaraza madogo ya parokia, yaani ya vijiji na miji midogo wala si ya kanisa, yanayobaki chini ya mamlaka hizo kubwa, na hilo ndilo ninaloona linasahaulika katika mazungumzo ya hapa kwetu.

Kata inapohamishiwa manispaa, vijiji vyake kwa kawaida hugeuzwa mitaa, na wengi hudhani kwamba kinachobadilika ni kibao cha ofisi tu. Kijiji ni chombo cha kisheria. Halmashauri ya Kijiji inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mtaa hauna uwezo huo. Mwenyekiti wa mtaa hupokea malalamiko, huitisha mikutano na hugonga mihuri, lakini maamuzi ya ardhi hufanyika katika ofisi za mipango miji, mbali na macho ya wanaoishi juu ya ardhi yenyewe.

Huku mlimani ardhi hiyo ni kihamba: migomba na kahawa, makaburi ya babu na bibi, na mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, ambao maji yake hugawanywa kwa zamu ambazo kila ukoo unazijua. Sijui mpimaji wa viwanja atauchora wapi mfongo huo katika ramani yake, wala ni nani atakayesimama kuutetea pindi Halmashauri ya Kijiji itakapokuwa imefutwa. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na mimi sioni yanapelekwaje kwao kwa kuondoa mkutano pekee ambao kura ya mwanakijiji ndiyo huamua.

Kilimanjaro imepitia mageuzi kama haya. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliziweka himaya za Wachagga chini ya sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja ikiwa na Mangi Mwitori, yaani chifu aliyewekwa juu ya mangi wa sehemu hiyo. Watu walioongozwa na mangi wao wa jirani walijikuta na ngazi mpya juu yake, manung'uniko yakazidi, na mwaka 1951 wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, chifu mmoja wa Wachagga wote.

Kuunganisha halmashauri hakulazimu kufuta vijiji. Halmashauri ya Mji wa Njombe ina vijiji na mitaa ndani ya mamlaka moja. Naiomba TAMISEMI, pamoja na mabaraza yote mawili ya madiwani, kwamba kabla ya mpaka wowote kuguswa, suala hili lipelekwe katika Mkutano Mkuu wa kila kijiji kinachohusika, mihtasari ya mikutano hiyo ibandikwe hadharani, na tangazo la kuunda halmashauri mpya litaje kwa majina vijiji vitakavyobaki kuwa vijiji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kibosho,
Moshi.