Shabani, msikilize Mick Ronson kabla hujauza gitaa

Tanga, Jumapili jioni

Swahiba Shabani,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umechoka kupigia waimbaji, jina lako halitajwi jukwaani, na gitaa umeshalitafutia mnunuzi. Mambo haya hayataki simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nataka nikusimulie habari za Mick Ronson, mpiga gitaa wa Hull, mji wa bandari huko Uingereza.

Ronson alikwisha kwenda London kutafuta maisha ya muziki, akarudi kwao mikono mitupu, akaajiriwa na manispaa kutunza bustani. Mwanzoni mwa 1970, mpiga ngoma rafiki yake alipomfuata akampigie gitaa mwimbaji David Bowie, alimkuta anachora mistari ya uwanja wa raga. Hebu mwone hapo, na rangi yake nyeupe, kwenye baridi ya kwao! Julai 1972 yuko kwenye televisheni ya BBC, Bowie amemtupia mkono begani, wanaimba kwenye kipaza sauti kimoja. Vijana wengi waliokuja kuwa wanamuziki wakubwa Uingereza husema jioni ile ndiyo iliyowawasha.

Lakini wewe achana na mavazi yale ya kumetameta, sikiliza gitaa. Lilikuwa la aina ya Les Paul, jeusi, akalibandua rangi upande wa mbele mpaka mbao ikabaki wazi. Kanyagio la wah-wah, lile la kugeuza sauti ya gitaa kwa mguu, wenzake walikuwa wakilipandisha na kulishusha. Yeye alilikanyaga, akalitega katikati, akaliacha hapo hapo. Ndipo inapotoka ile sauti ya puani, kama mtu anayelia huku anadai haki yake. Nimejaribu kwangu: nilikunja kadibodi nikaisukumiza chini ya kanyagio lisiteremke, nikapiga noti moja tu nikaivuta. Shabani, nywele zilinisimama.

Na si gitaa peke yake. Utotoni alifunzwa piano na fidla, kwa hiyo fidla zile zinazopanda katika "Life on Mars?", wimbo wa Bowie wa 1971, ni yeye aliyeziandikia, mstari kwa mstari. Zianzapo kupanda, shika saa uone unavyoshindwa kuzungumza mpaka zishuke. Mwaka uliofuata yeye na Bowie wakamtayarishia Lou Reed albamu ya Transformer. Piano unayoisikia kwenye "Perfect Day" ni vidole vya Ronson.

Alijaribu pia kusimama peke yake, akatoa albamu mbili, 1974 na 1975, lakini hazikumfikisha walikotarajia wakubwa wake. Akarudi pembeni ya wengine: Ian Hunter, kisha ziara ya Bob Dylan. Sioni kama alishuka. John Mellencamp mwenyewe alisimulia kwamba wimbo wake "Jack & Diane" alikuwa ameshaukatia tamaa; Ronson ndiye aliyewaza kuingiza sauti zile za kwaya katikati. Mwaka 1982 wimbo ukashika namba moja Marekani. Wangapi waliouimba walijua wazo lile lilitoka kwa nani?

Tarehe 20 Aprili 1992 alipanda jukwaa la Wembley, London, kumkumbuka Freddie Mercury wetu, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja. Wote wawili walizaliwa 1946. Wakati huo Ronson mwenyewe alikuwa na saratani ya ini, na mwaka huo huo bado alimtayarishia Morrissey albamu. Alifariki tarehe 29 Aprili 1993, umri miaka 46. Kila nikifika hapo huzima redio kwanza.

Sasa nikuambie la juzi. Nilikuwa kwenye daladala ya kwenda Raskazone, kondakta anauimba kwa mdomo mwanzo wa kile kibao mlichorekodi mwaka jana. Si maneno ya mwimbaji wenu. Alikuwa anaimba gitaa lako, lile teremko la nyuzi tatu, na mama mmoja aliyepakata kikapu cha dagaa anatikisa kichwa kwa kulifuata. Nilitamani kuwaambia wote kwamba ni wewe.

Kwenye kurekodi kujako, dai jina lako liandikwe kama mpangaji wa muziki, kabla hujatoa gitaa kwenye mfuko. Hilo ni haki yako, wala usione haya.

Ijumaa nakuja Dar na basi la asubuhi, na kadibodi yangu mfukoni. Mnunuzi mwambie angoje.

Wako,
Mbwana