YAH: DRAIVA YA KADI YENU KUTOJENGEKA KWENYE KERNELI MPYA, NA NILIVYOTENDEWA DIRISHANI KWENU ARUSHA

Moshi, 17 Oktoba 2024

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Arusha.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Kadi ninayoisemea ni ile inayounganisha mizani za ghala letu la kahawa na kompyuta, na draiva ni programu inayoiwezesha Linux kuitumia. Sitaeleza tulivyonunua wala masharti ya udhamini. Risiti mnayo, na masharti mliyaandika wenyewe. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenu tarehe 8 Oktoba.

Siku hiyo nilipanda Kosta ya alfajiri kutoka Moshi, kompyuta ya ghala nimeipakata hadi Arusha. Nilikuwa na karatasi niliyonakili kosa lote kama lilivyotokea kwenye skrini. Fundi wenu hakuisoma. Alisema, "Mama, haya mambo ya Linux waachie vijana," akaita mteja mwingine.

Kosa lenyewe linajulikana. Kwenye Ubuntu 22.04, toleo la Linux tulilokuwa nalo, lenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.15, draiva yenu ilijengeka bila shida na mizani zote tatu zikasoma. Septemba tulipopandisha hadi 24.04, kerneli ikawa 6.8. Moduli, yaani draiva iliyokwisha kujengwa, ya 5.15 haiingii kwenye 6.8, hilo nalijua, ndiyo maana niliweka heda (faili za kujengea) za kerneli mpya nikaijenga upya. Ikakwama pale draiva yenu inapoiita kazi ya kerneli iitwayo class_create kwa kuipa vitu viwili, wakati tangu kerneli 6.4 inapokea kimoja tu, yaani jina. Kerneli 6.4 ilitoka mwaka 2023! Mstari huo niliurekebisha mwenyewe. Nyuma yake yakajitokeza makosa mengine, kwenye sehemu inayopokea na kupeleka data mlangoni mwa kadi, na hapo nikasimama. Sibahatishi na kilo za kahawa ya watu. Mkulima akileta maganda yake ghalani, namba inayosomeka ndiyo ada ya shule ya mwanawe.

Na juu ya boksi mmeandika kwamba kadi inafanya kazi na "Linux zote".

Kabla sijafunga safari, mlinitumia kwa barua pepe moduli iliyokwisha kujengwa, ya kerneli 6.5. Ikakataliwa palepale, kama ambavyo ingekataliwa kwenye mashine yoyote yenye 6.8. Nikaomba msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, nijijengee, mkanijibu kuwa ni siri ya kampuni. Ukiikagua moduli hiyohiyo, inajitangaza kuwa na leseni ya GPL, ya programu huria, na leseni hiyo inamtaka anayegawa programu iliyojengwa ampe pia msimbo wake yule aliyempa programu. Siri gani tena?

Narudi dirishani, maana mnatakiwa mjue ilivyokuwa. Niliiweka karatasi mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole mstari wa kosa. Akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Juu ya mwandiko wangu, Ndugu Meneja, mkono wangu ungali hapohapo kwenye karatasi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na kuna waliocheka aliposema, "Mama, haya mambo ya Linux waachie vijana." Kisha, bila kuninyanyulia macho: "Weka Windows au nunua kadi mpya." Nina miaka 56. Mashine za ghala hili nazitunza mimi, na hakuna kijana wenu hata mmoja aliyewahi kufika kuziona. Nilipoivuta karatasi, mduara wa chai ulikuwa umefuta namba ya mstari.

Leo tunaendesha kwa kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu kila tunapowasha. Kwenye 24.04 kerneli hiyo haipati tena marekebisho ya usalama, na umeme ukikatika mashine inajiwashia 6.8 yenyewe na mizani zinakuwa kimya. Ijumaa iliyopita tulipima kwa mkono na kuandika kwenye daftari hadi saa mbili usiku, wakulima wakisubiri nje.

Ninachodai ni msimbo uliorekebishwa, unaojengeka kwenye 6.8, pamoja na mpangilio wa DKMS ili draiva ijijenge upya kila kerneli mpya inapokuja. Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeitazama tena karatasi ile. Ni siku 7. Pia nataka barua ya kuomba radhi, yenye saini ya fundi huyo na yako, iletwe kwa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, ikasomwe mbele ya wanachama, na nauli yangu ya kwenda na kurudi.

Siku 7 zikipita, sitahitaji msimbo tena. Mtarudisha fedha za kadi zote mlizotuuzia, nami nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani na kuvieleza vyama vya msingi jirani kwa nini tumeziondoa, kabla hawajanunua za msimu ujao.

Nakala ya karatasi yenye alama ya kikombe nimeambatisha. Halisi nabaki nayo.

Wako,
Mtunza mizani na kompyuta,
Ghala la AMCOS, Moshi Vijijini