Mlaji apewe mlango mmoja wa kulalamikia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi paa, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na tangu Serikali ihamie huku kazi hazikauki. Majuzi mteja wangu, mwalimu mstaafu, alishusha saiti mabati yenye mhuri wa geji 30. Nilipolinyanyua la kwanza nikajua tumepigwa. Bati la geji 30 ukilishika ncha moja hujikaza. Hili lilinyong'onyea katikati, na msumari ulipenya kama vile hakuna kitu. Tukaazima maikromita gereji, tukapima: wembamba wake ni wa geji 32, na kwenye geji namba ikipanda bati huwa jembamba zaidi. Mwalimu akarudi dukani na risiti yake, akaonyeshwa maandishi ya chini kabisa: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Akaniuliza, "Fundi, sasa niende wapi? Vipimo, TBS au FCC?" Alimaanisha Wakala wa Vipimo, Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC). Sikushangaa kwamba mtu aliyefundisha miaka yote ile hajui.

Marehemu baba alikuwa na duka Mpwapwa. Ukutani, juu ya pipa la mafuta ya taa, ilibandikwa karatasi ya bei za Tume ya Bei, chombo kilichotokana na sheria ya mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yaje Dodoma. Ukizidisha bei wewe ni mlanguzi, basi. Siililii Tume ile, maana bei ya sukari ilikuwa ukutani na sukari yenyewe haikuwepo. Ila hata sisi watoto tulijua muuzaji anashtakiwa kwa nani.

Biashara ilipofunguliwa, sheria ya mwaka 1994 ikaja na mambo mengine. Kisha ikatungwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha FCC, nayo FCC ikaanza kazi mwaka 2007. Tume hiyo imetwishwa kazi nzito. Izuie kampuni kubwa kula njama za bei, ichunguze zinapotaka kuungana, ikamate bidhaa bandia, na papo hapo imlinde mnunuzi wa rejareja. Kampuni mbili zikitaka kuungana zitakuja na mawakili na mafaili. Mwalimu wangu ana risiti moja iliyokunjwa mfukoni. Kwa maoni yangu, wa aina yake ndiye anayesahaulika.

Halafu kuna wengine. TBS ipo tangu 1975 na inashughulikia ubora. Mizani na vipimo ni Wakala wa Vipimo. Umeme, maji na mafuta ni EWURA. Nauli za mabasi zilikuwa SUMATRA, mwaka 2019 zikahamia LATRA. Mwaka huohuo chakula na vipodozi vikaondolewa TFDA na kupelekwa TBS, TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA. Huenda kila badiliko lilikuwa na sababu zake, lakini sikumbuki mtu aliyepita mtaani kwetu kutueleza. Na hilo bati langu ni la nani? Limeandikwa uongo, ubora wake una shaka, na unene wake si uliolipiwa. Ofisi tatu zinaweza kunyoosheana vidole mwaka mzima, na muuzaji anaendelea kuuza.

Siombi tume mpya, zilizopo zinatosha. Halmashauri zetu zina maafisa biashara ambao tunawaona msimu wa leseni. Wapewe kazi ya kupokea lalamiko la mlaji, waligonge mhuri, wampe nakala, kisha wao wenyewe walipeleke panapohusika na wamrudishie majibu. Pia kila lango la Soko la Job Ndugai, Majengo na Sabasaba liwekwe bango linaloonyesha nani anashughulikia nini, kwa Kiswahili cha kawaida na herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ambayo mtu akipiga inapokelewa.

Fundi Paa,
Nkuhungu, Dodoma