Msimdai shukrani aliyeunguliwa na kibanda

Mhariri,

Juzi nikiwa kwenye matatu kuelekea mjini, nilimsikia mhubiri redioni akifundisha kwamba Mkristo anayelia baada ya hasara anajifungia baraka zake mwenyewe. Dawa, akasema, ni kupeleka sadaka ya shukrani kabla machozi hayajakauka. Abiria wawili watatu wakaitikia amina. Naomba nafasi nimjibu.

Nauza nguo za watoto katika soko la Gikomba. Moto wa alfajiri ya 28 Juni 2018, ule uliowaua watu 15, ulipita kwangu. Asiyeijua mitumba atadhani nguo huungua zikaisha mara moja. Robota lililobanwa na kufungwa haliungui hivyo. Linashika moto kwa nje, kisha linafuka taratibu ndani kwa ndani hata baada ya watu kudhani moto umezimwa. Tulipokata kamba za robota moja tulikuta sweta za watoto katikati, rangi zake nzima kabisa, lakini zinanuka moshi hata ukizifua. Nguo zangu za kamera, yaani zile za daraja la kwanza, zilikuwa zimekwisha. Sweta zile niliziuza kwa bei ya fagia, ile ya chini kabisa, na mkopo wa chama ukabaki palepale.

Jumapili iliyofuata kila aliyenisalimia aliniambia nishukuru kwa kuwa ni mzima. Ni kweli, nilikuwa mzima. Lakini mama mmoja tuliyezoea kununua chai kwake alikuwa anangoja mwili wa mwanawe mochari. Ningesimamaje kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu alinipenda akaniokoa, na mama yule ameketi benchi la nyuma? Mwanawe hakupendwa? Wanaopenda kuwaitisha watu ushuhuda wa kupona wangeangalia kwanza ni nani mwingine anasikiliza.

Walionisaidia ni watu wa jumuiya yetu. Jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo tangu miaka ya 1970, siku hizi wengi huziona kama mahali pa michango tu. Walipofika kwangu, mwenyekiti, nyanya asiye na maneno mengi, hakuanzisha wimbo. Aliketi, akasema, "Haya Mama Brian, tuhesabie vilivyoenda." Nikaanza: marobota, meza, turubai, mizani ya jirani niliyokuwa nimeazima, daftari la wateja wa mkopo. Hapo dada mmoja akauliza, "Kwa hivyo na deni langu limeungua?" Tukacheka sana, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, wala hakuna aliyeniambia ninyamaze. (Deni alilipa, nisimsingizie.)

Kisha nyanya akasoma Zaburi ya 88. Sikuwa nimewahi kuisikia ikihubiriwa. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki, inamalizikia gizani. Baadaye mtawa mmoja aliniambia kwamba wao huisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, iwe wiki imekuwa nzuri au mbaya. Basi Kanisa limewawekea hata wenye furaha maneno ya kulia, na mhubiri wa redioni anataka kuwanyang'anya wenye msiba. Walipomaliza kusali waliimba. Mimi sauti haikutoka, wakaniimbia.

Kwenye Misa ya maziko ya mwana wa yule mama wa chai, jeneza likiwa mbele yetu, padri alisema kama kila siku, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu," nasi tukaitikia, "Ni vema na haki." Nilikuwa nyuma ya mama yake. Yeye hakuitikia. Alisimama tu, ameshika leso kwa mikono miwili. Kanisa zima lilishukuru akiwa ndani yake, kimya, wala hakuna mzee wa kanisa aliyemwendea kumuuliza imani yake iko wapi.

Wanaopenda kumtaja Ayubu husoma pale aliposema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, wakafunga kitabu. Wangeendelea hadi sura ya 3 wangemkuta akiilaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walikaa naye siku saba bila neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Bwana Yesu naye, usiku ule ule aliosalitiwa, alitwaa mkate akashukuru, akaimba pamoja na wanafunzi wake, kisha akatoka kwenda Gethsemane kuhuzunika kiasi cha kufa. Hakuona haja ya kuchagua kimoja.

Najua nitajibiwa kwa Paulo na Sila, walioimba usiku wa manane gerezani Filipi. Waliimba, na hakuna aliyewaagiza. Lakini asubuhi, walipoambiwa waende zao, Paulo aligoma: wamepigwa hadharani bila hukumu, nao ni raia wa Roma, wakubwa waje wenyewe wawatoe. Soko letu limeungua tena na tena tangu 2018. Tukiimba Jumapili, Jumatatu bado tuna haki ya kuuliza gari la zimamoto litapita wapi kati ya vibanda.

Ombi langu kwa maparoko na wachungaji wa Nairobi ni dogo. Mtu akipatwa na moto, mafuriko au kifo, bahasha ya shukrani isipitishwe kwake mpaka ailete mwenyewe. Na kwenye maombi ya waamini, waacheni watu waseme kilichowapata, kwa majina ya vitu na ya watu, hata kama ibada itachelewa kumalizika. Matangazo ya harambee tunayavumilia muda mrefu kuliko huo.

Mama Brian,
Gikomba, Nairobi