Barua kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda cha Rangi Tatu

Wanangu,

Jumatatu nilikaa kwenye benchi lenu nikisubiri mvua ipungue, nikaona kirikuu kimepakia friji la mama ntilie anayewapikia wali maharage kila mchana. Yeye kasimama pembeni, pindo la kanga mdomoni. Mmoja wenu akasema kwa sauti ya kusikika: "Masikini wengi ni uvivu tu, akili ya pesa hawana." Mkacheka. Yule anayewahubiria utajiri kwenye simu mmemgeuza mtume.

Mama huyu saa kumi alfajiri yuko Feri anagombea samaki. Uvivu anaufanya saa ngapi?

Nimekaa naye, tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya luku. Alikopa Sh 200,000 kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa marejesho ya kila siku. Wakakata 20,000 ya fomu, mkononi zikafika 180,000. Rejesho 9,000 kwa siku, siku 30: jumla 270,000. Yaani 90,000 juu, kwa mwezi mmoja! Mwenye ghorofa Kariakoo, hati anayo, anakopa benki kwa riba ya asilimia 15 hivi kwa mwaka. Hiyo 180,000 ingemtoka 27,000 kwa mwaka mzima. Mama alilipa siku 18 bila kukosa. Mvua zikaja, wateja wakapotea, akakosa marejesho matatu. Friji likabebwa.

Noti ni zilezile, bei yake ndiyo si moja. Tena msidhani benki inamkopesha tajiri akiba za watu zilizolala tu. Ikishaidhinisha mkopo inaandika tarakimu kwenye akaunti yake, na hapo fedha mpya imezaliwa. Inazaliwa kwa mwenye dhamana. Yeye anawahi kiwanja kikiwa bei poa, nyie mnakuja kukutana na bei mpya kwenye kodi ya chumba.

Haya yamenikuta mwenyewe. Miaka ya themanini nilikuwa karani, sinywi, sivuti, kila mwezi napeleka akiba benki nijenge vyumba vitatu. Mwaka 1985 dola ilikuwa shilingi 17 hivi. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa, na kabla mwaka haujaisha dola imeshavuka 50. Akiba yangu ikaishia kwenye bati na mifuko michache ya saruji. Jirani yangu, mnywaji wa mnazi aliyekuwa akilala mchana chini ya mwembe, alichukua shamba huku Mbagala kukiwa bado pori. Leo wanawe wanapangisha fremu. Simwonei wivu, Mungu amrehemu. Lakini mkinieleza kwamba alinizidi bidii nitawachapa na bakora hii.

Nanyi mna maswali ya kujiuliza. Wewe uliyesema neno lile, pikipiki unayoikalia si yako. Unapeleka hesabu 10,000 kila siku, ukiumwa tajiri wako anapiga simu kuulizia hesabu, hakuulizii wewe. Nawe ni mvivu?

Sisemi mkae mikono mapajani. Wekeni akiba. Msikope kwa ajili ya sherehe. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini. Kazi fanyeni.

Halafu kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Inataka kikundi. Mama hana kikundi. Nyie mko 14 kwenye benchi moja kutwa nzima, kikundi hamna, ila mmejiunga kundi la kubashiri mpira. Na sisi wazee wa mtaa tunaitisha mikutano kuhusu taka na ulinzi, kausha damu wanapita mlango kwa mlango tunawasalimia. Hilo naliandika kwa aibu.

Friji bado halijauzwa. Deni limebaki Sh 108,000 na faini wanayoijua wenyewe. Nimeacha 20,000 kwa wakala wa pale kona, na daftari la majina ya wanaochangia liko kwake. Ijumaa baada ya alasiri nitalipitia. Msema neno nitamtafuta yeye kwanza.

Babu yenu wa nyumba ya mwembe