Risala ya Kamati ya Kata ya Ulinzi wa Wazee na Watu Wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kupinga Ukatili Dhidi ya Wazee, 15 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii na wataalamu wa halmashauri,
Viongozi wa dini, wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Wazee wetu, shikamooni,
Ndugu wananchi,

Tunakukaribisha katani kwetu kwa moyo mkunjufu. Kamati hii inawakutanisha baraza la wazee, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji, polisi kata, msaidizi wa kisheria na wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Leo tuna jambo moja la kukueleza: mzee anayeteswa hapa kwetu hapotei kwa kukosa ofisi. Ofisi zipo. Anapotea njiani, kati ya ofisi moja na nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na majina ya milango. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kijijini kuna kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, iliyotokana na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Ni vyombo vizuri. Lakini babu wa miaka 78 anayefungiwa ndani kutwa, au kijana wa miaka 30 mwenye ulemavu wa akili anayefungwa kamba mguuni ili asitoke uani, hasomi jina lake kwenye mlango wowote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua yule kijana. Kutambuliwa kwenye karatasi hakujampa mtu wa kubeba shauri lake tangu siku ya kwanza hadi mwisho.

Ukatili huu hauanzi na kipigo. Mhudumu anayemtembelea mzee huangalia kwanza kikombe: je, kuna maji ambayo mzee anaweza kuyafikia kwa mkono wake mwenyewe, pale alipolala? Kisha ulimi, kama umekauka, na mkojo, kama umekuwa na rangi ya chai ya rangi. Kubana ngozi kuona kama itarudi haraka, kama tunavyofanya kwa mtoto, kunapotosha, kwa sababu ngozi ya mzee imelegea yenyewe. Halafu huangalia kifupa cha mkia, nyonga na visigino. Mtu asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2. Asipogeuzwa, wekundu usiofifia ukibonyezwa ndiyo dalili ya kwanza, na kidonda kinafuata. Michubuko ya rangi tofauti, mipya na ya zamani kwa pamoja, haielezeki kwa kuanguka mara moja. Fimbo au miwani iliyotoweka nayo ina maana, maana asiyeona wala kutembea hawezi kwenda kushtaki.

Hapa tunaomba ieleweke kwamba si kila kidonda ni chuki. Mara nyingi mlezi ni binti mmoja anayelima, anayechota maji na anayemhudumia mama usiku na mchana bila kupokelewa. Kumpeleka polisi kabla ya kumsikiliza kunamwacha mzee bila mlezi kabisa. Ndiyo maana tunazungumza na mzee peke yake na mlezi peke yake, mbali na masikio ya wengine. Bibi anayejua Kisukuma tu atafsiriwe na mtu asiye wa nyumba ile; kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama, wala si mjomba anayetuhumiwa. Maneno ya mhusika yaandikwe kama alivyoyatamka. Na asiahidiwe siri ambayo haiwezi kutunzwa.

Mtu mzima pia ana haki ya kukataa msaada, jambo linalowachanganya waliozoea mashauri ya watoto. Bibi mwenye akili timamu akisema hataki mwanawe ashtakiwe, tunaandika alivyosema, tunamwachia njia ya kutupata, na tunarudi baada ya siku 7. Hatusubiri ridhaa yake endapo maisha yake yako hatarini, endapo haelewi kinachoulizwa, au endapo anajibu huku anayemtisha amesimama mlangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika ukanda wetu wa Usukumani macho mekundu ya bibi, yakidhaniwa kuwa alama ya uchawi, yamegharimu maisha ya watu. Wekundu ule unatokana na moshi: miaka 50 ya kupika kwa kuni, mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwendo wa mauaji haya unajulikana. Anafariki mtoto au wanakufa ng'ombe, mtu anakwenda kwenye ramli chonganishi, jina linatajwa, linazunguka kilabuni na kisimani, kisha panga linakuja usiku. Kati ya jina kutajwa na panga kufika kuna nafasi, na humo ndimo tunamoweza kuokoa mtu. Mwenyekiti wa kitongoji atoe taarifa kwa polisi kata siku ileile anaposikia jina. Bibi asilale peke yake, na mahali pa kulala apachague yeye. Mpiga ramli ahojiwe. Na msaidizi wa kisheria aulize swali ambalo wengi huliruka: bibi huyu akifa, shamba lake linakwenda kwa nani? Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mpaka wa shamba.

Shamba hilohilo huweza kuondoka bila damu, kwa dole gumba. Mzee asiyesoma anawekewa wino, anaambiwa ni karatasi ya ruzuku. Kwa kuwa uhamisho wa haki miliki ya kimila unapita halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo ina mamlaka ya kuuzuia. Tumekubaliana mtendaji asigonge muhuri kabla ya kumwona muuzaji bila ndugu, kumsomea karatasi kwa lugha yake, na kumtaka aeleze kwa maneno yake anauza nini na kwa bei gani. Kwenye fedha za TASAF, yaani ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, zinazoingia kwa simu, mzee aulizwe nani anajua namba ya siri, na kama aliiona fedha ya mwisho kwa macho yake.

Kwa ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na zisivuke saa 72. Mhusika asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, kwani mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Aliyeumia vibaya atibiwe kwanza, PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ifuate.

Mashauri yetu mengi hufia kwenye rufaa, yaani pale mzee anapotumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Mtendaji anaandika karatasi moja, anampa mzee aipeleke, mzee hana nauli, karatasi inabaki chini ya godoro. Au inafika, na aliyeituma hajui kama ilifika. Au afisa anahamishwa na faili linabaki kabatini. Wakati huohuo ukoo unakaa, mtuhumiwa anatozwa mbuzi, na shahidi anaambiwa yamekwisha. Tunataka fomu ya nakala 3: moja ibaki kwa mtoaji, moja ibaki kwa mpokeaji, ya tatu irudi ikiwa na saini na tarehe ndani ya siku 3. Isiporudi, mratibu anapiga simu. Hali ya VVU isiandikwe kwenye fomu hiyo. Iende kwa mtoa huduma anayehusika tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hayo tunaomba barua yako inayomteua Afisa Ustawi wa Jamii kuwa mratibu wa mashauri yote ya watu wazima walio hatarini katani, na kutaja atakayekaimu akihamishwa au akiwa likizo. Tunaomba vitabu 8 vya fomu: vijiji 5, zahanati 2 na kituo cha polisi 1. Tunaomba nauli ya mashauri iingizwe kwenye bajeti ya kata, ya mzee pamoja na msindikizaji wake, kwenda na kurudi hadi shauri lifungwe mahakamani.

Mwisho, chumba cha stoo kilichoko nyuma ya ofisi ya kata kina mlango na dirisha. Tunaomba kiondolewe magunia ili mzee apate mahali pa kusema bila kusikika barazani. Wanakamati wako tayari kukipaka chokaa wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.